Chupa ya Kushoto

Nyakerario Arasa hakusomea ualimu, na hata leo hana karatasi ya kumruhusu kusimama mbele ya darasa. Alikuwa mhudumu wa maabara katika shule ya wasichana niliyofundisha Kiswahili kwa miaka sita, nje kidogo ya Kaplong, pale mashamba ya chai yanapopakana na malisho ya ng'ombe. Nayasimulia haya kwa sababu sehemu nyingine niliiona kwa macho yangu, na sehemu ambayo sikuwepo alinieleza mwenyewe, mkono wake wa kushoto ukiwa umefungwa bendeji hadi kwenye kiwiko.

Alizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi katika shamba moja kubwa la chai huko Kericho. Mama yake, Mongina, alitoka Kisii akiwa msichana, akachuma chai miaka ishirini na miwili. Nyakerario alimaliza kidato cha nne na alama ambazo hazikumfikisha popote, akafunga kikapu mgongoni kama mama yake, akachuma miaka minne. Kisha zikaja mashine za kuchuma. Watu wachache wenye mashine walimaliza asubuhi moja kazi ambayo kundi lao lote lilikuwa likiifanya siku mbili. Mama na binti waliachishwa kazi katika mwezi mmoja. Mongina akarudi Kisii. Nyakerario, ambaye tayari alikuwa na mtoto wa kike aitwaye Vinny, akaja kwa shangazi yake Kaplong, akapata kazi ya kufagia shuleni kwetu.

Kemia ilimshika kwa sababu ya kosa, au tuseme kitu alichodhani ni kosa. Alikuwa akipanguza meza za maabara akakuta kitabu kimeachwa wazi. Kwenye ukurasa kulikuwa na maduara yaliyopangwa kwa mistari, kila duara na jina la elementi na namba yake. Kutoka juu kwenda chini, namba ziliongezeka na maduara yakakua. Hilo aliliona sawa. Lakini kutoka kushoto kwenda kulia, namba ziliongezeka na maduara yakazidi kupungua. Sodiamu, namba kumi na moja, ilikuwa duara kubwa. Klorini, namba kumi na saba, ilikuwa karibu nusu yake.

Alikibeba kitabu hadi kwa mwalimu wa kemia wa wakati huo, Madam Janefer, mama mnene mpole aliyekuwa amebakisha miaka michache astaafu.

"Madam, hawa wamekosea kuchapa."

Madam Janefer akaangalia alipoonyeshwa. "Hawajakosea. Hebu keti hapa."

Akamweleza kwamba katikati ya atomu kuna kiini, ndani ya kiini kuna protoni, na hizo protoni ndizo zinazovuta elektroni zinazokizunguka. Ukienda kulia kwenye mstari mmoja wa jedwali, kila elementi ina protoni moja zaidi ya ile iliyotangulia. Elektroni nayo inaongezeka, ila inaingia kwenye mzunguko ule ule wa nje. Haitengenezewi mzunguko mpya. Kwa hivyo mvuto wa katikati unazidi, kila kitu kinabanwa ndani, atomu inakuwa ndogo. Ukishuka mstari wa chini, sasa mzunguko mpya unaanzishwa nje ya ile ya zamani, mbali na kiini. Hapo ndipo atomu inapanuka.

"Kumbe unaweza kuongezewa na bado upungue," Nyakerario akasema.

"Inategemea unaongezewa wapi."

Madam Janefer alimwazima kitabu kile, halafu kingine. Mwaka uliofuata alimwombea kwa mwalimu mkuu ahamishiwe maabara. Kwa miaka tisa Nyakerario alisimama nyuma ya kila somo la kemia akiosha vyombo taratibu ili maji yasipige kelele, asikose neno.

Madam Janefer alipostaafu tukaletewa Mwalimu Gibson. Alikuwa na miaka ishirini na saba, shahada mpya, viatu vinavyong'aa na haraka nyingi. Hakuwa mtu mbaya. Wasichana walimpenda, na alama za kemia zilianza kupanda. Kitu kimoja tu hakukiweza: kusahihishwa mbele ya watu.

Nyuma ya maabara kulikuwa na stoo ya kemikali, chumba chembamba chenye mlango mmoja unaofungukia maabarani. Paa lake lilikuwa la mabati, isipokuwa bati moja la plastiki lililowekwa kuingiza mwanga, na silingi, yaani dari ya mbao laini, ilikuwa imekatwa chini yake. Bati hilo lilikuwa na ufa. Mara tatu Nyakerario alimwambia mwalimu mkuu, Madam Rebeccah, na mara tatu alijibiwa, "Mama Vinny, vumilia kidogo, tutatengeneza shule zikifungwa." Alikuwa amefunika rafu ya juu kwa karatasi ya nailoni, basi.

Kwenye rafu hiyo kulikuwa na chupa mbili za glasi zinazofanana, vifuniko vyeusi vinavyofanana, ndani yake vipande vya metali vimezamishwa kwenye mafuta ya taa. Moja ilikuwa sodiamu, nyingine potasiamu. Metali hizi haziwezi kuachwa hewani, na zikikutana na maji zinawaka. Nyakerario aliandika majina kwa kalamu ya wino mara nyingi, na kila mara mafuta yalifuta wino. Mwishowe akazoea tu: kushoto potasiamu, kulia sodiamu. Mtu mwingine hakuwa na shughuli na rafu ile.

Potasiamu yenyewe ilikuwa hapo tangu kabla yeye hajaja. Ilikuwa imeota ukoko wa manjano. Alikuwa amesoma kwamba potasiamu ya zamani ikifika hali hiyo, hata kisu kikiikwaruza inaweza kulipuka. Alimwambia Madam Rebeccah waitwe wataalamu waiondoe. Hilo nalo lilisubiri shule zifungwe.

Alhamisi hiyo, baada ya chakula cha mchana, Mwalimu Gibson alikuwa akiwafundisha kidato cha pili mambo yale yale ya ukubwa wa atomu. Alichora mistari ubaoni, akaeleza vizuri, kisha akageuka nyuma.

"Mama Vinny, niletee sodiamu na potasiamu. Nataka waone tofauti kwa macho."

"Sodiamu nitaleta, Mwalimu. Potasiamu hapana."

Gibson akaweka chaki chini.

"Hapana?"

"Imezeeka. Ina ukoko wa manjano. Ukiikata inaweza kukulipukia mkononi."

Gibson akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekasirika. "Mama, mimi nimesoma hii kitu miaka minne chuo kikuu. Wewe kazi yako ni kuleta na kuosha."

Nyakerario aliniambia kwamba maneno hayo yalimchoma, lakini hakusogea. Wasichana arobaini walikuwa wakimtazama. "Ndiyo, Mwalimu. Na nikileta hiyo, nitakuwa nimeleta kitu cha kuwaumiza hawa watoto. Sileti."

Gibson akaingia stoo mwenyewe. Alikaa huko dakika mbili au tatu. Akatoka na chupa moja, na ilikuwa ya sodiamu. Nadhani huo ukoko aliuona na akaogopa, ila hakusema. Alikata kipande kidogo kama punje ya mahindi, akakitupa kwenye beseni la maji. Kikakimbia juu ya maji kikinguruma, wasichana wakapiga kelele za furaha.

"Sasa potasiamu ingekuwa kali zaidi. Nani ataniambia kwa nini?"

Msichana mmoja wa mbele, Chepchirchir, akainua mkono. "Kwa sababu atomu yake ni kubwa, Mwalimu. Ile elektroni ya nje iko mbali na kiini, haijashikwa vizuri. Inatoka haraka."

"Safi kabisa."

Gibson akairudisha chupa stoo, Chepchirchir akimfuata na beseni. Nyakerario alikuwa upande wa pili akikusanya visu na hakuona iliwekwa wapi.

Mbingu ilikuwa imeanza kuwa nyeusi tangu saa nane. Huku kwetu tunaijua rangi hiyo. Karibu saa tisa mawe ya mvua yakaanza kupiga mabati, kwanza moja moja, kisha kama lori linamwaga kokoto juu ya paa. Stima ikapotea. Wasichana waliokuwa wakicheza uwanjani walikimbilia kwenye veranda iliyo nyuma ya maabara, wakajibanza ukutani, pengine themanini kwa idadi. Ukuta huo ndio ukuta wa stoo.

Nyakerario alisikia kitu kikipasuka, sauti tofauti na ya mawe. Alifungua mlango wa stoo. Bati la plastiki halikuwepo tena. Barafu na maji vilikuwa vikimiminika kupitia tundu hilo, nailoni imeraruka, na silingi iliyobaki imelemewa na maji, ikibonyea katikati.

Akageuka. "Wasichana, nje! Mlango wa mbele! Endeni bwaloni!"

"Kaeni!" Gibson akapaaza sauti. "Mawe hayo yatawapasua vichwa!"

Nyakerario akamsogelea hadi karibu na sikio. "Mwalimu, maji yako kwenye rafu ya juu."

Alisema uso wa Gibson ulibadilika kama wa mtu aliyepigwa. Mara moja akaanza kuwasukuma wasichana mlangoni, wakiwa wamejifunika vitabu na viti vichwani. Halafu, na hili lazima nimpe haki yake, hakukimbia nao. Aliingia stoo nyuma ya Nyakerario, na bila kuambiwa akaanza kutoa chupa kubwa za spiriti zilizokuwa rafu ya chini, mbili mbili, akizipeleka nje.

Nyakerario alikuwa na nia ya kuichukua chupa ya kushoto kwanza. Alinyoosha mikono, kisha ikasita. Kwenye shingo ya chupa hiyo kulikuwa na alama za vidole vyenye mafuta. Potasiamu ilikuwa haijaguswa zaidi ya mwaka. Yeye mwenyewe alikuwa akiipanguza vumbi tu, kwa mbali. Akaangalia ya kulia. Nayo ilikuwa na alama za vidole.

Mwalimu alikuwa ameshika zote mbili. Ipi ni ipi?

"Mwalimu!" akapaaza sauti. "Sodiamu uliirudisha upande gani?"

Gibson alikuwa mlangoni na spiriti mikononi. Hakugeuka, na Nyakerario akapoteza muda akingoja jibu. Mawe yalikuwa yakinguruma juu ya mabati.

Hakuweza kubeba zote kwa pamoja. Vifuniko vilikuwa vimechakaa, kila chupa ilihitaji mikono miwili, mmoja chini na mwingine kukinga juu, na mwili kuinama ili maji yasiingie. Kuziacha pale hakungewezekana. Upande wa pili wa ukuta aliwasikia wasichana wa veranda wakipiga mayowe kila jiwe kubwa lilipoanguka, na kwa kelele hizo hawangemsikia akiwaita. Kuzitoa nje hakungewezekana pia, maana nje kulikuwa maji matupu. Mahali pekee pakavu palikuwa kwenye kabati la vioo la kutolea moshi, kona ya mbali ya maabara, ambako kulikuwa na ndoo ya mchanga mkavu.

Akawasha tochi ya simu, akaishika kwa meno. Jiwe moja lilikuwa limevunja kipande cha kifuniko cha chupa ya kushoto. Tone la maji lilikuwa limeingia. Mafuta ya taa ni mepesi kuliko maji, kwa hivyo tone halikuelea. Lilikuwa likizama taratibu ndani ya mafuta, mviringo, linang'aa, likielekea kwenye metali. Likafika. Viputo vikaanza kupanda.

"Mtu yeyote angeikamata hiyo," aliniambia. "Hata mikono yangu ilitaka kuikamata hiyo. Ndiyo ilikuwa imeanza."

"Kwa nini hukuikamata?"

"Kwa sababu viputo vilikuwa vichache."

Aliinama karibu zaidi. Vipande vya kushoto vilikuwa na ukoko mweupe, wa kijivu kidogo. Vya kulia vilikuwa na ukoko mnene, na kwenye mwanga wa tochi ukoko huo ulikuwa wa manjano, kama kiini cha yai kilichokauka kwenye sahani. Akawaza haraka, bila maneno, yale aliyoyasikia nyuma ya darasa kwa miaka tisa. Potasiamu ina mzunguko mmoja zaidi ya sodiamu. Atomu kubwa, elektroni ya nje iko mbali, mshiko ni mlegevu. Kwa hivyo hata hewa kidogo iliyojipenyeza kwenye mafuta imekuwa ikiitafuna miaka yote hiyo, kuliko inavyoweza kuitafuna sodiamu. Huo ndio ukoko wa manjano. Na kama hii ya kushoto ingekuwa potasiamu, tone zima la maji lisingeleta viputo vichache tu.

Silingi ikalia. Maji yalikuwa sasa yakielekea upande wa kulia wa rafu.

Akaiacha ile inayotoa viputo. Akaichukua ya kulia.

Hakukimbia. Alisema hilo lilikuwa gumu kuliko yote, kutokimbia. Chupa ilikuwa tumboni, kiganja juu ya kifuniko, mgongo umeinama, mawe ya barafu yakimpiga kisogoni hadi alipovuka mlango. Potasiamu ile haikutakiwa kutikiswa. Alihesabu hatua kumi na nne, sakafu ikiwa imelowa na viatu vyake vya plastiki vikiteleza. Akafungua kabati kwa kiwiko, akaisimamisha chupa kwenye mchanga, akaisukumia mchanga mwingine hadi shingoni, akafunga.

Kisha akarudi kuifuata ya pili.

Gibson alimwona akielekea mlangoni. "Mama Vinny, acha!" Akaruka, akamshika koti kwa nyuma. Wakati huo silingi ikaporomoka. Rafu nzima ikaenda chini, chupa ikapasukia kwenye maji yaliyojaa sakafuni.

Mimi nilikuwa chumba cha walimu, hatua mia mbili hivi kutoka hapo, na nilisikia mlio huo juu ya kelele za mawe. Nyakerario aliona moto wa manjano ukipanda ukutani na moshi mweupe mzito, akainua mkono wa kushoto kukinga uso. Vipande vya glasi na matone ya moto vikamchoma kuanzia kiganja hadi kiwiko. Akaanguka juu ya Gibson.

Gibson alimburuta hadi kwenye mfereji wa maji ulio mwisho wa maabara. Alipangusa vipande vya metali kwa kitambaa kikavu kwanza, kama inavyotakiwa, ndipo akafungulia maji mengi, akamshikilia mkono huo chini ya maji huku Nyakerario akipiga kelele kwa Kikisii. Alipohakikisha hakuna kipande kilichobaki, akamwacha na mlinzi wetu Jonah, aliyekuwa amekuja mbio alipoona moto, akaenda kumwaga ndoo mbili za mchanga juu ya moto. Spiriti yote ilikuwa imeshatolewa, kwa hivyo moto haukuwa na kitu cha kula zaidi ya rafu na mafuta kidogo. Ukuta ulipasuka ufa mrefu, lakini ulisimama. Wasichana wa veranda waliumizwa na mawe ya mvua, si na kitu kingine.

Madam Rebeccah alimpeleka hospitali ya misheni kwa gari lake. Niliketi nyuma naye. Barabara ilikuwa nyeupe kana kwamba mtu amemwaga chumvi, na chai pande zote imevuliwa majani ikabaki vijiti. Katikati ya safari Nyakerario aliuliza swali moja tu: "Kabati limefungwa?"

Jumatatu bodi ya shule iliitana. Mwenyekiti alikuwa Mzee Johana, mkulima wa chai na ng'ombe, mtu wa maneno machache. Mimi niliitwa kuandika yaliyosemwa. Nyakerario aliketi peke yake upande mmoja wa meza, mkono umefungwa, uso umevimba kwa kukosa usingizi. Maabara ilikuwa imefungwa kwa kufuli, chupa ingali kwenye mchanga wake, na wazazi walikuwa wameanza kupiga simu.

Maelezo ya Mwalimu Gibson yalisomwa. Yalisema chupa hazikuwa na majina, na kwamba hilo ni jukumu la mhudumu. Yalisema katika mkanganyiko huo inawezekana mhudumu aliokoa chupa isiyo hatari na kuacha ile hatari ilipuke. Kuhusu yeye kuzigusa chupa, hayakusema chochote.

Niliandika, lakini kalamu ilikuwa nzito. Chepchirchir alikuwa amenijia Jumamosi akilia. Alipoingiza beseni siku ile alimwona Mwalimu akiwa na chupa zote mbili kwenye meza ya stoo, akizilinganisha, kisha akazirudisha kwa haraka bila kutazama. Aliniomba nimwambie afanye nini. Nilimwambia angoje. Nilikuwa mwoga, naweza kusema hivyo sasa.

"Mama," Mzee Johana akaanza, "ni kweli chupa hazikuwa na majina?"

"Ni kweli, Mzee. Wino ulifutika. Ningeweza kutafuta njia nyingine, kufunga kitambaa, kukwaruza glasi. Sikufanya. Hilo ni kosa langu."

"Basi ulijuaje ya kuchukua?"

Nyakerario akaeleza. Hakutumia maneno makubwa. Alisema jinsi atomu inavyobanwa ukienda upande mmoja wa jedwali na kupanuka ukishuka chini, jinsi ile iliyopanuka inavyoshindwa kushikilia elektroni yake ya mwisho, na kwa nini hiyo huliwa na hewa haraka na kuota ukoko wa manjano. Alieleza tone la maji na viputo vichache. Mzee Johana alimsikiliza akiwa ameegemeza kidevu kwenye fimbo.

"Na iliyolipuka unajuaje haikuwa potasiamu?"

"Moto wake, Mzee. Ulikuwa wa manjano. Potasiamu ikiwaka moto wake ni wa zambarau. Jonah aliuona. Mwalimu pia aliuona."

Macho yote yakamgeukia Gibson. Akatikisa kichwa kukubali, bila kuinua uso.

"Kwa hivyo ulizoea potasiamu iwe kushoto," Mzee Johana akaendelea polepole, "na siku hiyo ilikuwa kulia. Nani aliihamisha?"

Nilimtazama Nyakerario. Alikuwa anajua. Angalau alijua nani aliingia stoo.

"Mimi sikuona ikihamishwa, Mzee. Siwezi kusema kitu ambacho sikukiona."

"Hapakuwa na mtu mwingine?"

"Mimi sikuona."

Mzee Johana hakuuliza tena. Alingoja tu. Niliiweka kalamu chini. Nilikuwa nimeamua kusimama, na magoti yangu yalikuwa tayari yametoka chini ya meza, Gibson aliposema, kwa sauti ambayo ilibidi tuinamishe vichwa kuisikia:

"Ni mimi."

Madam Rebeccah akamgeukia. "Mwalimu?"

"Nilizishusha zote mbili. Nilitaka kuona kama Mama Vinny alisema ukweli kuhusu ukoko. Nilipoona ni kweli, niliaibika. Nikazirudisha tu." Alimeza mate. "Na aliniuliza. Ndani ya stoo aliniuliza sodiamu iko upande gani. Nilimsikia. Sikukumbuka, nikaona aibu kusema sikumbuki, nikanyamaza."

Hilo la mwisho Nyakerario hakuwa amelijua. Aliniambia baadaye kwamba ndilo lililomuuma kuliko mkono, na kwamba kama angeambiwa wakati ule "sikumbuki", angeokoa dakika nzima.

Bodi ilimpa Gibson barua ya onyo, na Nyakerario naye akapewa barua ya onyo kuhusu majina ya chupa. Niliona si haki wapewe karatasi sawa, nikasema hivyo, nikaambiwa kazi yangu ni kuandika. Madam Rebeccah, ambaye hakupewa barua yoyote, alianza kutafuta fundi wa paa siku hiyo hiyo.

Wataalamu wawili wa kuondoa kemikali walifika kutoka Nairobi Alhamisi, wiki moja kamili baada ya mvua ile. Walivaa glavu nene na ngao za uso, wakatuamuru sote tusimame ng'ambo ya uwanja. Tulisimama karibu saa nzima. Gibson alikuwa kando yetu, mikono mfukoni. Hakuwa amezungumza na Nyakerario tangu Jumatatu zaidi ya salamu.

Walitoka wakibeba sanduku la chuma kati yao, hatua kwa hatua, wakaliweka kwenye gari. Mmoja wao akavua ngao akauliza nani aliifukia chupa kwenye mchanga.

"Ni huyu," Gibson akasema kabla mtu mwingine hajajibu.

"Mama, hii ni potasiamu, na iko katika hali mbaya sana. Tumeona nyingi. Hii nisingependa iangukiwe hata na kijiko." Akatikisa kichwa. "Ulitembea nayo?"

"Hatua kumi na nne."

Mtaalamu akapanda gari, wakaondoka kwa mwendo wa pole kuelekea barabara kuu.

Gari lilipopotea, Nyakerario alikwenda nyuma ya maabara akaketi kwenye ngazi. Nilimfuata. Alikuwa akilia kana kwamba ndiyo kwanza anatoka stoo. Gibson alikuja akasimama mbali kidogo. Baada ya muda akasema, "Mama Vinny, kidato cha pili hawajamaliza lile somo. Ningetaka uwaeleze wewe, mimi nikiwepo. Jinsi ulivyowaeleza bodi."

"Siruhusiwi kufundisha, Mwalimu."

"Nitakuwepo. Nitasimama nyuma."

Nyakerario alijipangusa uso kwa mkono mzima, akainuka akishikilia ukuta, akaniuliza ni saa ngapi. Nikamwambia ni saa nne na nusu.

"Kidato cha nne wana mazoezi ya asidi saa tano," akasema, "na bireti zao za kupimia hazijaoshwa."

Akaingia maabarani, ambako kufuli lilikuwa limeshaondolewa. Gibson akakunja mikono ya shati, akamfuata kumsaidia kuziosha, kwa kuwa Nyakerario alikuwa na mkono mmoja tu wa kufanyia kazi.